Daftari la Mji: Kusoma Upya "Vocabulaire" ya Elisabethville

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huwaonya wafanyabiashara, lakini tunaona kuwa inaifaa miji pia. Mji unaokua upesi huwa na madaftari mengi: ya tani za madini, ya urefu wa reli, ya idadi ya nyumba, ya kodi iliyokusanywa. Daftari moja tu huwa adimu, nalo ni lile la gharama waliyolipa watu walioujenga mji huo. Katika toleo hili la jarida la Idara yetu tumechagua kuhakiki maandishi mafupi ya Kiswahili ambayo, kwa maoni yetu, ni daftari la namna hiyo. Hayamo katika orodha zetu za vitabu teule, na pengine mwanafunzi akiyasoma kwa mara ya kwanza atashika kalamu nyekundu badala ya kusoma. Makala haya yanakusudia kumwomba aiweke chini kalamu hiyo kwa muda.

Kijitabu na mwandishi wake

Maandishi yenyewe yaliandikwa mwaka 1965 na André Yav, mjini Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo. Yalipewa jina la Kifaransa, "Vocabulaire", yaani msamiati wa mji wa Elisabethville, lakini yameandikwa kwa Kiswahili cha huko. Yav aliyaandika kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, wale walioitwa "maboi" hata walipokuwa na wajukuu. Ni kurasa chache zilizopigwa chapa kwa mashine na kusambazwa kwa nakala kidogo. Laiti zisingefika mikononi mwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, pengine zingeishia kufungia karanga sokoni. Fabian alizichapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu. Tangu 2001 matini hayo yanapatikana pia kwenye intaneti.

Msomaji asidanganywe na jina. Hii si kamusi. Ni historia ya mji, tangu zama za mtawala M'siri na kuingia kwa Wabelgiji hadi baada ya uhuru, iliyosimuliwa na watu waliofua nguo, waliopika na waliolea watoto wa waliotawala. Hata hivyo tunaona kuwa jina hilo lina maana. Majina yana nafasi kubwa katika kijitabu hiki: majina ya mahali, ya mabwana, na yale ya utani ambayo Waafrika waliwapachika Wazungu bila wenyewe kujua. Mtu asiye na uwezo wa kumshitaki bwana wake anaweza angalau kumpa jina, na jina hilo likadumu kuliko barua ya serikali.

Mji uliokua kwa pupa

Ili tuelewe uzito wa kijitabu hiki, hatuna budi kukumbuka jinsi mji wenyewe ulivyozaliwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ilifika mwaka 1910, na mwaka huohuo mji ukaanzishwa. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Kwa maneno mengine, mji haukukua kutokana na soko, bandari au makutano ya njia za misafara kama ilivyokuwa kwa Ujiji au Tabora. Ulitokana na tanuri, na tanuri halisubiri.

Kwa kuwa tanuri halikusubiri, watu waliletwa kabla ya nyumba, maji na dawa. Wakala wa kuandikisha wafanyakazi aliundwa mwaka uleule wa 1910, na watu wakakusanywa kutoka Luapula, Maniema, Kasai na Rhodesia ya Kaskazini, wengine kwa hiari, wengine kwa hiari ya chifu tu. Wengi walikuwa wanaume bila wake, na waliwekwa kambini kwa msongamano. Katika miaka hiyo ya mwanzo vifo vya wafanyakazi vilikuwa vingi kupindukia, na homa ya Hispania ya mwaka 1918 iliongeza msiba juu ya msiba. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 kampuni iligeukia pia Ruanda-Urundi, ikawachukua maelfu ya vijana wetu kutoka milimani na kuwapeleka katika machimbo ya Katanga. Kwa hiyo sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili hapa Burundi hatusomi habari za watu wa mbali. Katika daftari hili yamo madeni ya familia zetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligundua kuwa kubadilisha watu kila baada ya miezi michache ni gharama kubwa. Ikaanza kuwapa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikajenga nyumba, zahanati na shule. Sera hiyo ilisifiwa sana, na kwa kweli iliokoa maisha. Lakini ilikuwa na upande wa pili: mfanyakazi alipokea nyumba, unga na matibabu kutoka mkono mmoja, na mkono huo ukifumba, hapakuwa na mwingine. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1930 maelfu walifukuzwa kazi katika muda mfupi. Desemba 1941, katikati ya vita, wafanyakazi waliogoma wakidai nyongeza ya mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi, na makumi ya watu wakauawa. Miongoni mwao alikuwamo Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Miongo mitatu baadaye mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu aliyachora mauaji hayo katika mfululizo wa picha zake za historia ya Zaire, akaeleza habari za picha hizo kwa Kiswahili hichohicho cha Lubumbashi. Tunamtaja kwa sababu yeye na Yav ni ndugu katika kazi: wote wawili waliandika historia ambayo shule haikuwafundisha.

Kuuona mji kutoka jikoni

Sasa tuingie katika uhakiki wenyewe. Nguvu ya kwanza ya kijitabu cha Yav ni mahali aliposimama msimulizi. Elisabethville uligawanywa kwa rangi. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika uliachwa ukanda mpana usiojengwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, hasa hofu ya mbu wa malaria. Mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, ulianzishwa mwaka 1921 ng'ambo ya ukanda huo, kisha baadaye ikafuata Kenya, Katuba na Ruashi. Mwafrika hakutembea usiku katika mji wa Wazungu bila kibali.

Lakini kulikuwa na watu walioufanya mgawanyo huo uonekane kichekesho. Mpishi, dobi na yaya walivuka ukanda huo kila siku, na wengine walilala palepale nyuma ya nyumba ya bwana. Mbu aliogopwa, lakini mkono uliokanda mkate haukuogopwa. Watumishi hao walijua nani ana deni, nani anamdanganya mkewe, nani amehamishwa kwa aibu. Waliusikia mji ukipangwa mezani wakati wanapokea sahani. Historia rasmi iliandikwa kutoka ofisini, na wanahistoria wa kazi waliandika zaidi kuhusu machimbo. Yav anaandika kutoka jikoni, na jikoni ndiko gharama ya mji inakoonekana kwa ukubwa wake halisi: saa za kazi, posho, tusi, zawadi ya Krismasi, na mtu mzima kuitwa mtoto.

Nguvu ya pili ni sauti yake. Msimulizi hasemi kwa nafsi ya mtu mmoja aliyepatwa na mambo. Anasema kwa niaba ya kundi, akiwaheshimu wazazi na mababu waliotangulia, na kusudi lake ni kuwa watoto wajue. Katika fasihi simulizi tunaitambua sauti hii mara moja. Ni sauti ya mzee anayekabidhi. Ndiyo maana Fabian na Kalundi Mango waligundua kuwa maandishi haya, yenye tahajia isiyotabirika na maneno yaliyoungana, hayaeleweki vizuri mpaka yasomwe kwa sauti. Jicho linakwama pale ambapo sikio linapita bila shida. Kwa mwalimu wa fasihi hili ni somo kamili: matini yanayoonekana yameandikwa vibaya yanaweza kuwa yamesemwa vizuri sana.

Uvumi kama hesabu

Sehemu inayowatatiza wasomaji wengi ni ile inayohusu batumbula. Hawa walisemekana kuwa watu waliotumwa na Wazungu kuwateka Waafrika usiku, wakawafungia, wakawanenepesha na kuwafanya kitoweo. Yav anasimulia habari hizi kwa utulivu uleule anaotumia kwa reli na mishahara. Msomaji wa kisasa huona haya, akasema: hapa mwandishi ameteleza.

Hatukubaliani na hukumu hiyo ya haraka. Hadithi za namna hii hazikuwa za Katanga peke yake. Pwani ya Kenya na Tanzania watu walimwogopa mumiani, na Kampala na Nairobi waliogopa wazimamoto wanaonyonya damu. Mwanahistoria Luise White ameonyesha kuwa uvumi huo ulienea mahali ambapo kazi ya ujira, madaktari na magari ya serikali vilifika kwa pamoja, na kwamba unaweza kusomwa kama ushahidi wa jinsi watu walivyoielewa hali yao. Hebu tufikirie: kijana anatoka kijijini kwa mkataba, harudi, hakuna barua, hakuna kaburi. Mji uliommeza una moshi usiokoma na Wazungu wanaonenepa. Je, kusema kuwa ameliwa ni uongo mtupu? Kama ripoti, ni uongo. Kama hesabu ya mapato na matumizi, inakaribia sana ukweli kuliko taarifa nyingi za mwaka za wakurugenzi.

Hata hivyo tunawatahadharisha wanafunzi wasiende upande wa pili na kuifanya kila hadithi kuwa fumbo la uchumi. Watu wale waliogopa kweli, walifunga milango kweli. Uhakiki mzuri huheshimu hofu kwanza, ndipo ukaifasiri.

Lugha iliyozaliwa na mji

Tumefika sasa mahali panapotugusa sisi walimu moja kwa moja. Kiswahili cha kijitabu hiki kina "batu" badala ya "watu", "bazungu" badala ya "Wazungu". Viambishi vya ngeli havipatani kama tunavyofundisha, na "iko" hubeba mzigo wa vitenzi kadhaa. Kifaransa kinaingia bila kubisha hodi. Wenzetu wengi huita lugha hii mbovu, na wakishaiita hivyo hawasomi zaidi.

Kabla ya kuihukumu, tuulize ilitoka wapi. Katika miaka ya mwanzo ya Elisabethville, amri za kazi zilitolewa mara nyingi kwa lugha ya mkato iliyotoka kusini pamoja na reli na wasimamizi wake. Kiswahili kilisukumwa mbele na utawala na kampuni kwa sababu zao, mojawapo ikiwa kupunguza nguvu za Waingereza katika jimbo. Fabian ameieleza habari hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Lakini lugha ikishatolewa kama zana, haibaki mikononi mwa mtoaji. Mluba, Mbemba, Mrundi na mtu wa Maniema walikutana kambini, na kila mmoja akaiwekea lugha hiyo kitu cha kwao. Kizazi kilichofuata kilizaliwa ndani yake. Kwa hiyo Kiswahili cha Lubumbashi si Kiswahili cha pwani kilichoharibikia njiani. Ni zao la kasi ileile iliyozaa mji, na pengine ndilo zao pekee ambalo wafanyakazi walilimiliki wenyewe.

Chukueni neno moja tu. Katika Kiswahili hicho, "kutumika" ni kufanya kazi. Mtu huamka asubuhi "kutumika", na akistaafu husema "alitumika" miaka mingi. Katika sanifu tunayofundisha, kinachotumika ni jembe, sabuni au kalamu. Hatudai kuwa watu wa Katanga walikusudia kejeli. Maana ya kumtumikia mtu haiko mbali, na lugha ina njia zake. Lakini mwalimu akiandika maana hizo mbili ubaoni, zikiwa zimepangwa bega kwa bega, darasa litakuwa limepata mjadala wa saa nzima kuhusu kazi, mji na binadamu. Akilisahihisha neno hilo kwa wino mwekundu, mjadala huo umekufa.

Kasoro zake

Mhakiki asiyeona kasoro ni msifu tu. Kwanza, Yav hafuati mpangilio wa wakati barabara. Tarehe zinagongana na tukio moja hurudi mara mbili, hivyo msomaji anahitaji kitabu kingine pembeni. Pili, aliyoyashuhudia, aliyosimuliwa na aliyoyasikia vibarazani yote yamewekwa katika sahani moja. Tatu, na hili tunaliona kuwa kubwa zaidi, wanawake hawapati nafasi ya kusema. Mji uliowaleta kama sehemu ya mpango wa kuwatuliza waume kazini uliwategemea kwa unga, maji, uzazi na biashara ndogondogo, lakini daftari la watumishi ni daftari la wanaume. Nne, mchimba shimo angeandika kitabu kingine. Mtumishi wa nyumbani aliteseka, lakini alikuwa karibu na jiko.

Wachapishaji nao wana lao. Kijitabu kimewafikia wasomaji wa Kiingereza kikiwa na maelezo kamili, lakini bado hatujaona toleo la darasani lenye utangulizi na maelezo ya Kiswahili. Matini ya Kiswahili yanayohitaji Kiingereza ili yaeleweke kwa Waswahili ni aibu yetu sisi, si ya Yav.

Daftari halijafungwa

Kijitabu kinaishia mwaka 1965, lakini hesabu iliendelea. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na mrithi wake, Gécamines, akaendelea kutoa nyumba, shule, hospitali na unga. Miaka ya 1990 kampuni ilianguka. Mishahara ikakatika kwa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa mkupuo na kuondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Mkono mmoja uliokuwa ukitoa vyote ulifumba, kama ulivyowahi kufumba mwaka 1930. Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu. Babu zao waliitwa kwa sababu ya kazi, na wajukuu wakaambiwa ni wageni. Leo kobalti imeleta pupa mpya, na mjini Kolwezi wakazi wa mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni wamekuwa wakihamishwa kupisha mgodi. Aliyesoma Yav hashangai.

Tunajifunza nini basi? Historia hii haituambii kuwa miji isikue. Watu wa Elisabethville walipenda mji wao, walijivunia baiskeli zao, nguo zao na muziki wao, na kijitabu chenyewe ni tendo la kudai umiliki: mji huu ni wetu, tuliujenga. Inatuambia kuwa kasi ina bei, na kwamba bei hiyo hulipwa na waliofika wa mwisho mezani. Inatuambia kuwa mji unaomtegemea mwajiri mmoja umejengwa juu ya mguu mmoja, na kuwa mpaka unaochorwa kwa jina la afya au usafi huchukua miaka mingi kufutika hata baada ya sheria yake kufutwa. Bujumbura inapanda milima na kushuka ziwani mbele ya macho yetu. Nani anaandika daftari lake, na kwa Kiswahili gani? Buyenzi na Bwiza wapo wazee wenye misamiati yao ya mji, na hawaishi milele.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. La kwanza, sehemu za "Vocabulaire" zisomwe katika somo la fasihi na la isimujamii, kwa sauti, zikiwa katika Kiswahili chake bila kusanifishwa. Usanifishaji ufanywe baadaye kama zoezi, ili mwanafunzi aone kinachopatikana na kinachopotea. La pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu akusanye msamiati wa mtaa mmoja: majina ya mahali, ya kazi, ya utani, na visa vinavyoyaeleza. Tunahitaji daftari, jozi ya masikio na adabu ya kumsikiliza mzee. André Yav hakuwa na zaidi ya hivyo.